Kuweka Kitu Mahali Pake

Wanazuoni wa Kiarabu walipotaka kueleza neno ambalo Kiswahili kilipokea kwao kikaliita dhuluma, walisema kwamba dhuluma ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Maelezo hayo ni mafupi kwa maneno, lakini mapana kwa maana. Mwizi ni dhalimu kwa kuwa amekiweka chombo cha mwenzake katika nyumba isiyo ya mwenyewe. Hakimu mbaya ni dhalimu kwa kuwa ameiweka adhabu juu ya kichwa kisichoistahili. Kwa maelezo hayo haki haiwi jambo la maneno matupu, bali huwa kazi ya mkono, kazi ya kuweka na kuhamisha. Basi swali lafaa kuulizwa: mtu awezaye kukiweka kitu mahali bila kukosea hata unene wa unywele, je, amekwisha kuwa mtu wa haki?

Zamani swali hili lingaliweza kudhaniwa mzaha, kwa sababu hapana mkono uliokuwa na usahihi wa namna hiyo. Leo usahihi huo hupatikana katika chumba kidogo cha kazi mjini Musoma au Bunda, penye meza, umeme na kompyuta moja. Kijana aliyejifunza kuchora ramani na majengo kwa kompyuta huketi, hushika kipanya kwa mkono wa kuume, na kwa muda wa nusu saa huhamisha kuta, mabomba, barabara na mipaka ya viwanja ambavyo vingaliwatoa jasho wachoraji wa kale kwa siku nyingi.

Sanaa hiyo si kongwe. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad. Kwa programu hiyo mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya nuru juu ya kioo cha kompyuta, akauamuru mstari mmoja uwe sambamba na mwingine, nao ukatii. Mwaka 1982 ilitokea programu ya AutoCAD, ambayo ilikusudiwa kompyuta ndogo za mezani. Kabla ya hapo mchoraji alikuwa na rula, bikari, penseli iliyochongwa vema, na jicho. Na jicho ndilo lililokuwa hakimu wa mwisho.

Katika programu za namna hii, kuhamisha kitu kuna hatua tatu. Kwanza, hapana budi kukichagua kitu chenyewe. Pili, hapana budi kutaja nukta ya kushikia, yaani mahali ambapo kitu kitakamatwa: pembe ya ukuta, kitovu cha duara, au ncha ya mstari. Tatu, hapana budi kutaja nukta ya kufikia. Mchoraji akikisogeza kitu kwa kukadiria, kitu huonekana kimekaa sawa hali kimekosea. Akiukuza mchoro huona ufa kati ya kuta mbili alizodhani zimegusana. Kwa hiyo programu humpa msaada wa kunasa: kishale kikikaribia pembe, kompyuta huivuta nukta mpaka ikakaa juu ya pembe yenyewe. Ama mchoraji huandika kwa tarakimu, mita 12 mashariki na mita 5 kaskazini, na kitu huenda hapo hapo, si zaidi wala si pungufu. Tena akijuta, huamuru tendo litenguliwe, na kitu hurudi kana kwamba hakikupata kuondoka.

Wako wasemao kwamba usahihi wa jinsi hii ni tabia ya mashine, na kwamba mwanadamu hupungukiwa na utu kwa kadiri apendavyo tarakimu. Maneno hayo ni matamu kusikiwa, lakini hayasimami mbele ya mambo yalivyo. Maji ya Butiama hutoka Ziwa Viktoria. Huchukuliwa Mugango, husukumwa kupita Kiabakari, yakapanda hata vijiji vilivyo juu ya ziwa. Katika kazi kama hiyo kila kiungo cha bomba, kila tangi na kila kimo hutegemea mchoro. Tangi likiwekwa chini ya mahali lipasapo kuwa, nyumba za mwisho huona bomba zisione maji. Mama atakayejitwika ndoo asubuhi na mapema hatajua kwamba mzigo wake ulianza kwa uvivu wa mtu aliyeweka nukta kwa kubahatisha. Mpaka wa shamba uliochorwa kwa uzembe huzaa kesi, kesi huzaa uadui, na uadui hurithiwa na watoto ambao hawakuwapo siku jiwe la mpaka lilipowekwa.

Kwa hiyo usahihi ni heshima apewayo mtu asiyekuwapo. Mchoraji hamwoni mjane ambaye mchoro utapita kando ya shamba lake, wala mjane hamwoni mchoraji. Baina yao hapana ila mstari. Akiuweka kwa uangalifu amemheshimu bila ya kumjua, na akiuweka ovyo amemdhulumu bila ya kumchukia. Asemaye kwamba utu na vipimo havipatani hajapata kugombania kiwanja.

Lakini usahihi unaye mdanganyifu afananaye nao kama pacha. Kompyuta huweza kuhifadhi mahali pa nukta kwa tarakimu kumi na tano hivi. Mchoraji akipokea vipimo vilivyochukuliwa kwa simu ya mkononi, vyenye makosa ya mita kadhaa, kisha akavitia katika programu, atavisoma vikiwa na tarakimu tatu baada ya mita, kana kwamba vilipimwa kwa milimita. Kompyuta haikusema uongo, kwa kuwa imetunza kwa uaminifu kile ilichopewa. Uongo huanza pale mtu apigapo chapa tarakimu hizo, akatia muhuri, akamkabidhi mwenye shamba bila ya kumwambia zilivyopatikana. Mwenye shamba huziona nyingi, naye hudhani kwamba wingi wa tarakimu ni wingi wa ukweli.

Isitoshe, kila tarakimu ya mahali ni umbali kutoka asili fulani. Mkoa wa Mara umo katika ukanda wa 36 wa mpango wa ramani utumiwao karibu duniani kote, ambao mstari wake wa katikati ni longitudo ya nyuzi 33 mashariki. Kwa miaka mingi ramani za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, hali vyombo vipokeavyo ishara za satelaiti hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Tarakimu zile zile zikisomwa kwa msingi usio wake, mahali huhama kwa kadiri ya mita 300. Mita 300 katika nchi tambarare ya Bunda zaweza kuwa shamba zima pamoja na la jirani. Katika mji wa Musoma, uliojengwa juu ya rasi iingiayo ziwani, mita 300 zaweza kuitoa nyumba kandoni mwa barabara zikaitia majini. Wala hapana aliyekosea hesabu: kila tarakimu imeandikwa sawasawa, na habari itolewayo si ya kweli. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ilisemwa juu ya watu, lakini yafaa juu ya tarakimu pia, kwa kuwa tarakimu isiyojulikana asili yake humtumikia yeyote aishikaye.

Liko jambo gumu kuliko hilo, nalo ni kwamba asili yenyewe yaweza kuhama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilizuia shughuli za kudumu za wanadamu katika mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Katika kompyuta agizo hilo ni jepesi: mstari wa ufuko hunakiliwa, nakala ikasogezwa mita 60 kuelekea nchi kavu, na papo hapo hujulikana nyumba ipi imo ndani na ipi iko nje. Lakini ufuko huo ni wa mwaka gani? Kuanzia mwisho wa mwaka 1961 hata mwaka 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yalipanda tena, yakafika kimo cha juu kabisa katika kumbukumbu zilizoandikwa hata wakati huo. Penye ufuko wa mteremko mdogo, mita moja ya kimo huweza kula makumi ya mita za ardhi. Mchoraji aunasaye mstari wake kwenye ufuko wa miaka ya ukame amemfaa aliyejenga karibu na maji. Aunasaye kwenye ufuko wa miaka ya gharika ameyafaa maji, na pengine amemwokoa yule yule aliyejenga, ingawa kwanza atamlaani.

Kompyuta haina la kusema katika jambo hili, kwa maana kwake pande zote mbili zaweza kuchorwa kwa usahihi ule ule. Hapo ndipo hudhihirika kwamba kuchagua nukta ya kushikia si ufundi peke yake. Ni hukumu, na hukumu hupaswa kuwa na sababu zisemwazo hadharani. Mchoraji mwadilifu huandika pembeni mwa mchoro wake: ufuko huu ulipimwa siku fulani, kwa chombo fulani. Mchoraji asiye mwadilifu huuacha mstari ujisemee wenyewe, kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni.

Baada ya tarakimu na asili yake, yafaa kutazama neno mahali lenyewe. Kiswahili hakina namna moja ya kutaja mahali, bali kina tatu. Liko pa, la mahali dhahiri paoneshwapo kwa kidole: pale, hapa, pake. Liko ku, la mahali pa upana usiokuwa na kikomo dhahiri: kule, huku, kwake. Liko mu, la mahali pa ndani: mle, humu, mwake. Mtoto wa miaka mitatu huzitumia namna zote tatu bila ya kufundishwa, naye hatasema humu akiwa nje ya nyumba.

Programu ya kuchora hujua namna ya kwanza tu. Kila kilichomo ndani yake kiko pale: nukta hii, pembe ile. Hata chumba, ambacho kwa mwenye nyumba ni mu, kwake ni mistari minne iliyofungana. Si lawama juu ya programu, maana haikuundwa kwa kazi nyingine. Lakini mtu wa Butiama asemapo kwetu, hataji nukta. Neno hilo limekusanya nyumba na njia iendayo kisimani, majirani, mti wa kivuli, ng'ombe warudipo jioni, na makaburi ya wazee. Lina upana lakini halina mpaka uwezao kuchorwa, wala kukosa mpaka hakulifanyi kuwa ndoto. Mtu aweza kuonyeshwa pale pake papya, penye hati na mawe manne ya mpaka, akakaa miaka mingi kabla ya kupaita kwetu.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika vitenzi. Kitenzi hama ni cha mtu atendaye mwenyewe: huondoka mahali kwa miguu yake na kwa nia yake. Kitenzi hamia hutaja anakokwenda. Kitenzi hamisha kina watu wawili, mmoja ahamishaye na mwingine ahamishwaye, na hapo nia ya wa pili haitajwi. Katika mchoro vitu vyote huhamishwa, na hapana hata kimoja kihamacho. Ukuta hauulizwi. Hivyo ndivyo ipasavyo, kwa kuwa ukuta hauna la kujibu. Hatari ni kwamba mkono uliozoea vitu visivyojibu husahau kwamba baadhi ya alama zilizomo katika mchoro ni watu.

Historia ya Tanzania imelipitia jambo hili kabla ya kompyuta kuingia ofisini. Maandiko ya ujamaa vijijini ya mwaka 1967 yalitaka watu waingie vijijini kwa hiari yao. Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamia vijiji vipya. Mkoani Mara operesheni hiyo ilifanyika mwaka 1974. Aghalabu nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyoka kandokando ya barabara. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji havifiki kwa urahisi kwenye nyumba zilizotawanyika. Wengi walivipata, na watoto waliosoma kwa ajili hiyo hawakuwa wachache. Lakini hama iligeuka hamisha. Mistari iliyonyooka katika mpango ilipita juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa, na watu wakatenganishwa na udongo waliojua tabia yake.

Wala mambo ya namna hiyo hayakwisha na miaka ile. Katika kata ya Nyatwali, wilayani Bunda, kando ya Ghuba ya Speke, Serikali iliamua kulitwaa eneo ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kuyafikia maji ya ziwa, na wakazi wakatakiwa kuhama kwa fidia. Wanyama nao wana kiu, na mtu mwenye busara hawezi kuidharau hoja hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 husema kwamba fidia iwe kamili, ya haki, na itolewe bila ya kuchelewa. Na katika hesabu yake huingia ardhi na maendelezo yaliyomo, pamoja na posho ya usumbufu na gharama za usafiri. Hiyo ni dalili kwamba hata sheria hutambua kuwa kati ya nukta ya kwanza na nukta ya pili pana njia, na njia huchosha. Hata makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya tangu mwaka 1969. Katika mchoro kaburi ni mstatili mdogo ambao hushikwa kwa pembe ukasogezwa, hali nyumbani ni babu.

Tena nchi haina amri ya kutengua. Katika kompyuta tendo hutenguliwa, na la kabla yake, na la kabla ya hilo, mpaka mchoro ukarudi ulivyokuwa asubuhi. Mwembe uliokatwa haurudi kwa namna hiyo, na mzee aliyeondoka kwake akiwa na miaka sabini hawezi kurudishiwa miaka aliyotumia kujifunza njia za kijiji kipya. Maji yakimwagika hayazoleki. Wepesi wa kutengua humfundisha mchoraji ujasiri, na ujasiri ni mwema katika kujaribu. Lakini mchoro ukitoka katika kompyuta kuingia ardhini, wapaswa kutoka mkononi mwa mtu aliyekwisha kusahau kwamba kutengua kuliwezekana.

Hapa mchoraji aweza kujitetea. Atasema kwamba yeye hakuamua barabara ipite wapi wala nani ahame. Wakubwa waliamua, naye alipewa tarakimu akaziweka zilipotakiwa kuwekwa. Utetezi huo una ukweli ndani yake, na si haki kumtwisha kalamu dhambi ya mwandishi. Hata hivyo hautoshi. Katika nyumba ya uamuzi mchoraji ndiye mara nyingi wa kwanza kuona. Wakubwa huuona mradi wote kwa maneno, na mwenye shamba huliona shamba lake peke yake, bali mchoraji huyaona yote mawili juu ya kioo kimoja, naye huweza kujua kwamba kuupinda mstari mita nane kungaliliacha kaburi mahali pake na kusingaliongeza gharama kubwa. Kujua huko ni amana. Akinyamaza hakuvunja sheria yoyote ya ofisi, lakini amekiweka kitu mahali pasipo pake. Maana hata neno lina mahali pake, na neno lililopaswa kusemwa mapema, likasemwa baada ya tingatinga kupita, limewekwa pasipo pake.

Wajibu wa fundi huyo, basi, si kuiacha kompyuta akarudi kwenye penseli, wala si kuwa mwanasiasa. Wajibu wake ni kukamilisha usahihi alioanza. Aliyetaja nukta ya kufikia na ataje asili ya vipimo vyake. Aliyeandika milimita na aseme kama alipima milimita. Aliyechora nyumba na aende kwa miguu, japo mara moja, kuiona iliposimama. Na palipo na kitu ambacho tarakimu haziwezi kukieleza, na aandike kwa maneno kwamba kipo. Mchoro usiotaja makaburi yaliyomo si mchoro safi, bali ni mchoro pungufu.

Hivyo swali la mwanzo hujibiwa kwa sehemu mbili. Mtu asiye na usahihi hawezi kuwa mtu wa haki katika kazi ya kuweka na kuhamisha, kwa kuwa atadhulumu hata asipotaka. Lakini mwenye usahihi amefika nusu ya njia tu. Usahihi hujibu kitu kiko wapi, na haki huuliza ni pa nani, tangu lini, na nani aliyesema hivyo. Jibu la kwanza laweza kupatikana ofisini. Majibu ya maswali yanayofuata hupatikana kwa wenyeji.

Butiama liko kaburi lifahamikalo na wengi. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafa London tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa tarakimu hizo ni nukta mbili duniani, zilizotengana kwa maelfu ya kilomita, na hapana kanuni ya hesabu iliyodai kwamba maiti irudi kutoka moja hata nyingine. Hata hivyo ilirudishwa ikazikwa Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake, na hapana Mtanzania aliyeuliza sababu. Kiongozi ambaye kwa amri yake mamilioni walihamishwa alirejeshwa kwao. Kulisema hilo si kumlaumu marehemu. Ni kukumbusha tu kwamba kila alama katika mchoro wa Nyatwali, wa Musoma au wa kijiji chochote ina kwao vile vile, na ashikaye kipanya hana budi kulijua hilo kabla ya kubonyeza.